Neno la Mhariri: Katuni Isomwe Kitabuni

Katika magazeti mengi katuni ya mfululizo huwekwa kurasa za nyuma, jirani na chemshabongo na utabiri wa nyota, na wasomaji wameizoea huko: fremu tatu au nne, kicheko, basi. Kesho yake gazeti linafungiwa maandazi. Ndiyo maana tunapojadili tashtiti magazetini huwa tunaizungumzia zaidi katuni ya tahariri, ile fremu moja kubwa yenye sura ya rais au waziri aliyekuzwa pua na tumbo. Hiyo ndiyo inayowaudhi wakubwa na ndiyo inayompatia mchoraji jina. Toleo hili limechagua ile nyingine, yenye wahusika walewale wanaorudi siku baada ya siku, na linaisoma mahali ambapo wahakiki wetu hawaisomi: ndani ya vitabu vilivyoikusanya. Ninachodai ni kwamba katuni ya mfululizo ina tashtiti ya namna yake, ambayo haienei katika gazeti la siku moja. Inajengwa kwa kurudiarudia, kwa mhusika kukutana tena na tena na jambo lilelile huku nchi inayomzunguka ikibadilika. Anayetaka kuiona sawasawa hana budi kuisoma kwa miaka yake, kwa mpangilio wa tarehe.

Mfano ulio wazi kuliko yote unatoka Argentina. Mafalda, msichana wa miaka sita wa familia ya kawaida ya Buenos Aires, alitokea mara ya kwanza katika jarida la Primera Plana tarehe 29 Septemba 1964. Mchoraji wake, Joaquín Salvador Lavado, ambaye dunia inamjua kwa jina la Quino, alikuwa amembuni kwa ajili ya kutangaza vyombo vya umeme vya nyumbani, na tangazo lenyewe halikutoka. Machi 1965 Mafalda akahamia gazeti la kila siku la El Mundo, na tangu 1968 akawa katika jarida la Siete Días, hadi Quino alipoamua kuacha kumchora tarehe 25 Juni 1973. Ndani ya muda huo serikali ya kiraia ya Arturo Illia ilipinduliwa, Juni 1966, Jenerali Juan Carlos Onganía akashika nchi, na wanajeshi wakapokezana madaraka mpaka mwaka 1973. Hata hivyo tashtiti ya Quino haisimami juu ya sura ya jenerali yeyote. Wanaosimama mbele ni watoto wa mtaani: Felipe mwenye ndoto nyingi na hofu ya kwenda shule, Manolito mtoto wa mwenye duka anayepima kila kitu kwa bei, Susanita anayewaza ndoa nzuri na watoto, na baadaye Libertad, yaani Uhuru, ambaye ni mdogo wa umbo kiasi kwamba kila anayekutana naye lazima aushangae udogo wake.

Tuichukue supu, maana hapo hoja yangu inaonekana kwa karibu. Mafalda haipendi supu. Katika katuni moja ya supu unamwona mtoto mkaidi na mama aliyeshika upawa, basi. Usome ya pili, ya kumi, ya ishirini, huku tarehe zikisogea kutoka serikali ya kiraia kwenda ya kijeshi, na supu ile inaanza kubadilika ladha. Inaletwa mezani siku zote, hakuna aliyeulizwa kama anaitaka, anayeileta anasema ni kwa faida yako, na huinuki mpaka bakuli liwe tupu. Quino alieleza baadaye kwamba supu ilisimama badala ya tawala za kijeshi ambazo wananchi walilazimishwa kuzimeza. Mkaguzi wa serikali angefuta nini? Katika gazeti la siku yoyote ile, supu ilikuwa supu. Shtaka lilikuwa limetawanywa katika miaka, na ni mkusanyiko tu unaoweza kulileta pamoja mbele ya macho ya msomaji mmoja.

Iko nyingine ambayo wengi wanaijua. Mafalda amefungua kamusi na kusoma maana ya demokrasia, kwamba ni serikali ambayo mamlaka yake yamo mikononi mwa wananchi. Fremu zinazofuata hazina hoja yoyote. Mtoto anacheka. Saa zinapita, shughuli za nyumbani zinaendelea, naye bado anacheka hadi wakati wa kulala. Ikikatwa na kubandikwa ukutani, hiyo ni dhihaka nzuri ambayo ingefaa nchi yoyote. Ikisomwa katika nafasi yake, baada ya ile ya siku za mapinduzi ya 1966 ambamo Mafalda anasimama peke yake uso umemshuka, akianza kuuliza habari ya yale aliyofundishwa shuleni bila kulimaliza swali, kicheko kile kinapata historia. Tunajua mtoto huyu aliwahi kuiamini maana ile ya kamusi. Quino hakulazimika kutuambia hivyo katika siku ya kamusi, kwa sababu alikwisha kutuonyesha kabla.

Marekani inatupa ushahidi wa aina nyingine. Walt Kelly alikuwa akichora Pogo, katuni ya wanyama waishio katika kinamasi cha Okefenokee, na mwaka 1953 akamwingiza humo paka-mwitu mmoja aitwaye Simple J. Malarkey, mwenye sura ya Seneta Joseph McCarthy, aliyekuwa akiwasaka watu kwa tuhuma za ukomunisti na kuwavunjia riziki zao. Gazeti moja la mji wa Providence likatoa onyo kwamba sura hiyo ikionekana tena, katuni itaondolewa. Malarkey aliporudi, Kelly alimvika gunia kichwani. Msomaji wa gazeti la mji mwingine, asiyejua lolote juu ya onyo lile, aliona mnyama aliyejifunika gunia tu, na huenda akapinda ukurasa. Lakini msomaji wa kitabu anaiona sura ikiwa wazi, kisha anaiona ikifunikwa, na anaelewa kwamba shinikizo la mhariri limekuwa sehemu ya hadithi. Gunia lile, kwa Mmarekani wa wakati huo, lilifanana pia na kofia za Ku Klux Klan. Kelly alitii agizo, na katika kulitii akamfanya seneta atishe zaidi.

Wapo watakaosema kwamba ninaipamba sanaa ya papo kwa papo kwa heshima isiyostahili, na kwamba tashtiti iliyopitwa na wakati ni chai iliyopoa. Majina ya mawaziri yanasahaulika, bei za vitu zinabadilika, kashfa iliyowakesha watu inakuwa mstari mmoja katika kitabu cha historia. Pingamizi hili lina ukweli, na wachapishaji wa Mafalda wenyewe walilijua: katuni kadhaa ziliachwa nje ya vitabu vya mwanzo kwa kuwa zilikuwa zimefungamana mno na matukio ya siku zile. Zilisubiri hadi mwishoni mwa miaka ya 1980 ndipo zikatolewa katika kitabu chao, zikiwa na maelezo ya kuziweka katika wakati wake. Kumbe dawa ipo. Kinachochakaa ni kicheko cha kushtukizwa, kile cha asubuhi ile. Kinachobaki, tena kinachoongezeka thamani, ni kumbukumbu ya mambo ambayo watu wote waliyajua bila kuhitaji kuambiwa. Hotuba za viongozi zimehifadhiwa. Gazeti la serikali limehifadhiwa. Yale ambayo mama wa nyumbani na mwenye duka waliyadokezeana kwa nusu sentensi hayakuandikwa popote isipokuwa humo, kwa sababu mchoraji alitegemea wayajue ili wacheke.

Pingamizi la pili linahusu haki. Mwezi Mei 1973, wakati kashfa ya Watergate ikichemka, Garry Trudeau alichora katuni ya Doonesbury ambamo kijana Mark Slackmeyer, mtangazaji wa redio, anasimulia habari za John Mitchell, aliyekuwa mwanasheria mkuu wa serikali ya Nixon. Anaanza kwa upole wa mtangazaji asiyependelea upande, kisha uzalendo unamshinda anapaza sauti kwamba mtu huyo ana hatia. Washington Post, gazeti lilelile lililokuwa mstari wa mbele kuifichua Watergate, lilikataa kuichapa siku hiyo, kwa hoja kwamba hatia huamuliwa na mahakama na si mchora katuni. Mitchell alitiwa hatiani Januari 1975, na mwaka huohuo Trudeau akapewa Tuzo ya Pulitzer, ya kwanza kwa katuni ya mfululizo. Sitaki kutumia hukumu hiyo kuonyesha kwamba Trudeau alikuwa sahihi, maana mchoraji akipatia leo anaweza kukosea kesho, na hofu ya wahariri wale haikuwa ya kipuuzi. Ninachosema ni kwamba aliyeiona katuni ile peke yake aliona hukumu, na aliyekuwa akimfuata Mark tangu mwanzo alimwona Mark: kijana wa harakati za chuo, mwenye ari kuliko subira, akifurahia mno kumwona adui yake anaanguka. Dhihaka inamgusa na yeye. Usawa ambao wahariri waliukosa katika fremu nne ulikuwepo katika mfululizo, na Trudeau alipokiita kitabu chake cha 1974 kwa neno lile la Mark likirudiwa mara tatu, alikuwa akiuita umma usome jambo zima.

Pingamizi la tatu ndilo zito. Linasema kwamba tashtiti ni kipumulio: mtawala mwerevu anaiacha ili watu wacheke, wapumue, kisha warudi kazini. Mafalda alichapwa miaka yote ile ya Onganía na waliomfuata, na wanajeshi hawakuondoka kwa sababu yake. Tena Quino alikiri kwamba alijidhibiti mwenyewe. Alijua tangu ujana wake kazini mambo ambayo hayachorwi. Yote hayo ni kweli. Lakini wanaotoa hoja hii wanapima tashtiti kwa kuuliza kama iliangusha serikali, na kwa kipimo hicho hakuna riwaya wala shairi litakalofaulu. Tuwaangalie basi wale waliokuwa na sababu ya kuiogopa. Katika Uhispania ya Jenerali Franco, vitabu vya Mafalda viliruhusiwa kuuzwa kwa sharti kwamba jaladani yaandikwe maneno ya kuvitenga kuwa ni vya watu wazima. Wakaguzi wale walikuwa wasomaji makini kuliko wahakiki wengi. Walitambua kwamba katuni mia zilizofungwa pamoja ni kitu kingine.

Na kuna jambo la Buenos Aires ambalo kila anayedharau michoro hii inampasa alijue. Katika katuni moja Mafalda anamwonyesha rafiki yake rungu la polisi na kumweleza kuwa hicho ndicho kijiti cha kubonyezea itikadi. Mchoro huo ulitengenezewa bango. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976, miezi michache baada ya mapinduzi mengine ya kijeshi, mapadri watatu na waseminari wawili wa shirika la Wapallotini waliuawa katika nyumba ya kanisa la San Patricio. Bango lile lilikuwa ukutani. Wauaji walilibandua, wakaliweka juu ya maiti mmojawapo. Walikuwa wameielewa katuni, na walitaka ieleweke kwamba wameielewa. Mwaka huohuo Quino aliondoka kwenda kuishi Milan.

Sisi wa Kiswahili tuna hazina yetu. Wasomaji wa Uhuru, gazeti la TANU na baadaye la CCM, walikuwa na Chakubanga wa Christian Gregory. Wasomaji wa Taifa Leo walikuwa na Juha Kalulu wa Edward Gitau. Hao ni watu wa kawaida, wenye njaa, tamaa, ujanja na uzembe, walioishi katika magazeti yaliyojaa hotuba juu ya mwananchi anavyopaswa kuwa. Umbali kati ya yule mwananchi wa kwenye hotuba na Chakubanga, katika gazeti lilelile la chama, ni somo ambalo mwanahistoria wa ujamaa hawezi kulipata katika maazimio. Lakini anayetaka kulifuatilia mwaka hadi mwaka inambidi aende maktaba kufunua majalada ya magazeti yenyewe, kama bahati imeyahifadhi, na karatasi za magazeti hazivumilii unyevu wala mchwa.

Atakayezikusanya katuni hizo kitabuni atapata kishawishi cha kuchagua zile nzuri tu. Asikubali. Humo mna mizaha juu ya wanawake wa mjini ambayo leo inakera, na ni haki ikere. Mna dharau kwa mshamba, mna makabila yaliyobandikwa tabia. Hata Susanita wa Quino anapendekeza kwamba maskini wafichwe wasionekane, na Quino alimwacha aseme, kwa kuwa Buenos Aires ilikuwa na akina Susanita wengi. Mahali ambapo mchoraji alikuwa akimdhihaki mwenye dharau, na mahali ambapo yeye mwenyewe alikuwa na dharau, hapatofautishwi kwa kutazama katuni moja. Panahitaji zote. Basi kila katuni ichapwe na tarehe yake, na jina la gazeti na ukurasa. Maelezo mafupi yatosheleze kusema wiki ile bei ya sukari ilikuwaje na nani alikuwa waziri. Lahaja na lugha ya mtaani ya wakati ule iachwe bila kusahihishwa. Wachoraji wazee, na familia za waliofariki, waombwe ruhusa na walipwe. Magazeti yenye maktaba zake yafungue milango sasa, kabla majalada hayajaoza zaidi.