Hesabu za bima na duka la Palma

Tangu majeshi ya Msumbiji na Rwanda yalipoukomboa mji wa Mocímboa da Praia, Agosti 2021, wenye maduka wamekuwa wakirejea. Novemba 2025 kampuni ya TotalEnergies nayo iliondoa rasmi zuio la mradi wake wa gesi wa Afungi, lililodumu tangu Aprili 2021. Sasa mfanyabiashara anayevusha mzigo Kilambo kwenda Palma anajiuliza: ukiungua, nani atalipa?

Jibu liko kwenye vitabu vya kampuni za bima. Tuchukue mfano wa kampuni iliyokusanya ada ya metikali 100. Fidia imekula 60. Kamisheni za mawakala, mishahara na pango la ofisi 45. Kazi ya bima yenyewe imeleta hasara ya 5, na kinachoiokoa ni riba ya fedha ilizoweka benki na kwenye hati za serikali. Ndiyo maana kampuni mbili zinazouza bima ile ile mtaa mmoja, moja hufunga mwaka ikicheka na nyingine ikilia.

Kwa pwani ya kaskazini, zito zaidi ni bima mtawanyo, yaani kampuni ndogo kujikatia bima kwa kampuni kubwa za nje. Asiye nayo hawezi kubeba hasara ya mji mzima kwa mpigo, kama Palma iliposhambuliwa Machi 24, 2021. Nao wakubwa hao kwa kawaida huondoa vita na ugaidi katika mikataba, au huvitoza ada ya peke yake. Mradi wa mabilioni ya dola huimudu. Duka la mabati haliimudu, na gharama ya kulikagua tu inaweza kuzidi ada yake.

Kuna na mtawanyiko wa wateja. Kampuni iliyoenea Maputo, Nampula na Pemba humeza kimbunga kama Kenneth cha Aprili 2019. Iliyojibana Cabo Delgado peke yake huzama nacho.

Basi anayekata bima asivutwe na bei tu. Ada ya chini mno huenda ikawa ya kampuni inayosaka fedha za kulipia madai ya jana. Aulize vita na ugaidi vimeandikwaje, na mzigo unakingwa mpaka wapi: kivukoni, au mlangoni mwa ghala? Na kwa kuwa mikataba ya Msumbiji huandikwa Kireno, asiyekijua atafute wa kumsomea kabla ya kutia sahihi.