Uhai wa Kuazimana

Mzazi wa mjini akisikia neno gemu siku hizi hukunja uso, na huenda ana haki. Mtoto amejifungia chumbani na simu, chakula kinapoa mezani, na akiitwa huitika kwa mguno. Hata hivyo, leo ningependa tuitazame michezo hiyo kwa jicho jingine, kwa sababu mimi ninalo deni lililoanzia huko.

Nilikulia Majengo, mjini Singida. Televisheni zilikuwa bado chache mitaani, kwani matangazo ya televisheni Tanzania Bara yalianza mwaka 1994. Mwaka 1999, nikiwa darasa la nne, jirani yetu mmoja, dereva wa malori, alirudi kutoka Dar es Salaam na mashine ndogo ya plastiki yenye pedi mbili za kushika mkononi. Aliiunganisha na televisheni yake, akatandika mikeka, na kila mchezo ukawa shilingi 50. Tulijaa hadi dirishani.

Baadaye sana nilikuja kufahamu kwamba mashine ile ilikuwa ya kuiga. Ya asili ilitengenezwa na Nintendo ya Kyoto, Japani, kampuni iliyoanza mwaka 1889 kwa kutengeneza karata. Mashine hiyo, iliyoitwa Family Computer, ilianza kuuzwa tarehe 15 Julai 1983, na hatimaye zikauzwa zaidi ya milioni 61 duniani. Kaseti ya jirani yetu ilijigamba kuwa na michezo 9,999. Tulipoihesabu tukakuta ni michezo michache tu inayojirudia kwa majina mbalimbali.

Kila mmoja wetu alikuwa na kipenzi chake. Wadogo walimpenda Mario, fundi bomba mwenye masharubu anayeruka mashimo na kukanyaga kobe, mchezo uliotoka mwaka 1985. Wengine walipenda kuwinda bata kwa bunduki ya plastiki yenye jicho la kuona mwanga. Ukifyatua, kioo huwa cheusi kufumba na kufumbua, kisha mahali alipo bata pakang'aa weupe. Bunduki ikiuona weupe ule, bata huanguka. Ukikosa, mbwa huchomoza majanini akikucheka. Mbwa yule alichukiwa mtaa mzima.

Mimi na kaka yangu, aliyenizidi miaka mitatu, hatukutaka mwingine ila Contra, mchezo wa kampuni ya Konami. Askari wawili husonga mbele bega kwa bega wakipambana na maadui, na kila mmoja huanza na uhai wa mara tatu. Ilikuwapo siri ya vitufe ya kupata uhai wa mara 30: juu mara mbili, chini mara mbili, kushoto, kulia, kushoto, kulia, kisha B na A. Tuliiandika nyuma ya madaftari. Lakini mwenye mashine aliipiga marufuku, maana kwa shilingi 50 tungekaa mpaka jua lizame na umeme alilipa yeye.

Tukabaki na uhai wetu wa mara tatu tatu. Mimi nilikuwa mwepesi wa kufa. Hapo ndipo ilipokuwapo kanuni moja ya ajabu: aliyeishiwa aliweza kubonyeza kitufe na kuchukua uhai mmoja wa mwenzake, bila hata kumwomba. Nilibonyeza kila mara. Kaka hakupata kuninyang'anya pedi, wala hakulalamika. Alisema tu, "Sogea nyuma yangu."

Mwaka 2002 baba yetu alifariki dunia. Kaka alikuwa kidato cha tatu, nami nikimaliza darasa la saba. Matokeo yalipotoka nikawa nimechaguliwa kwenda sekondari. Wakati huo elimu ya sekondari ililipiwa karo, na mama, kwa alizeti za shamba moja, hakuweza kutulipia sote wawili. Hatukuitishwa kikao. Asubuhi moja kaka hakuvaa sare. Aliondoka na wanunuzi wa vitunguu kwenda vijijini, na jioni akamkabidhi mama fedha za karo yangu. Leo mimi ninaandika gazetini. Yeye bado ni mfanyabiashara wa vitunguu.

Mwishoni mwa mwaka jana alinipigia simu akitaka nije nimkanye mwanawe, aliyezama katika gemu za simu. Nilipanda basi, lakini kabla ya safari nilipita Kariakoo nikanunua mashine ya kuiga, yenye michezo ya zamani na pedi mbili. Jioni ile kaka alikataa kuigusa. Alisema vidole vyake vimekwisha kuwa vya magunia. Mtoto akamsihi, akakubali mchezo mmoja.

Walicheza mpaka mama akalalamika. Kijana, kama mimi zamani, alikufa haraka, akabonyeza kitufe na kuchukua uhai wa baba yake. Kaka akacheka sana, akasema, "Sogea nyuma yangu."

Mtoto alipokwenda kulala nilijaribu kumwambia kaka nilichokaa nacho miaka zaidi ya ishirini: kwamba nilichukua bila kumwomba, na kwamba sikuwahi kumshukuru. Alinitazama, kisha akanisukumia pedi ya pili. "Cheza," alisema. "Bado kuna umeme."

Wazazi wenzangu, sisemi tuwaachie watoto simu usiku kucha, la hasha. Saa za masomo na za kulala zilindwe. Lakini kabla ya kunyang'anya, hebu tukae kando ya mtoto tumwulize ni mchezo upi aupendao na kwa nini. Tumchagulie michezo inayohitaji watu wawili, nasi tushike pedi ya pili, hata kama vidole vimekuwa vigumu. Na kama yupo mtu aliyetuazima uhai wake tukafika hapa tulipo, basi tumpigie simu leo, Jumapili, angali anaweza kuipokea.