Nasaha ya Mashine na Dhima ya Wataalamu

Tangu mwaka 2003, kampuni ya Linden Lab ya Marekani ilipofungua Second Life, ule ulimwengu wa kubuni ambao watu huuingia kwa kompyuta, walitokea mabingwa wa tiba na wa ualimu walioona kwamba njia njema ya kuieneza ilimu yao ni kujenga humo madarasa na hospitali za picha, ambamo mgeni, naye akiwa amevaa sura ya picha, huuliza akajibiwa. Fikira hiyo ilikuwa na kheri ndani yake, kwa maana shida ya kumfikia mtaalamu ni shida ya kweli. Walakini katika Burundi, ambako takriban mtu mmoja tu katika kumi ndiye mwenye umeme nyumbani, mkulima wa Muyinga, kaskazini-mashariki mwa nchi, hawezi kuufikia ulimwengu wa namna hiyo.

Hata hivyo kiini cha fikira ile, yaani maarifa ya bingwa yaliyotiwa ndani ya programu inayoulizwa ikajibu, kimekwisha kuingia Afrika ya Mashariki kwa mlango mwingine. Programu iitwayo Nuru, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Penn State pamoja na IITA, taasisi ya utafiti wa kilimo cha nchi za joto, ilifunzwa kwa picha za majani ya mihogo zilizopigwa mashambani Tanzania; nayo, ikiisha kuwekwa katika simu, hufanya kazi pasipo intaneti, ikalitazama jani kwa kamera na kusema kama lina ugonjwa wa batobato au wa michirizi ya kahawia, au utitiri wa kijani, kisha ikashauri la kutenda.

Jambo hili lawahusu sana watu wa Muyinga. Batobato kali, lililokuwa limeiangamiza mihogo ya Uganda katika miaka ya 1990, liliingia Burundi kwa upande wa kaskazini mwanzoni mwa miaka ya 2000, likichukuliwa na inzi weupe na kwa pingili za kupandia ambazo jirani humpa jirani kwa wema. Na baada yake ikaja michirizi ya kahawia, ambayo yatisha zaidi kwa siri yake, kwani mhogo waweza kusimama na majani yake mabichi, mwenye shamba akaamini kuwa ana akiba ya chakula ardhini, hata siku ya kung'oa akakuta mizizi imeoza kwa ndani. Moniteri wa kilimo, yaani ofisa ugani, ni mmoja, na vilima vya kuhudumiwa ni vingi.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba Nuru ilizitambua dalili za magonjwa ya mihogo sawasawa kwa asilimia 65, ilhali maofisa ugani walifikia kati ya 40 na 58, na wakulima wenyewe kati ya 18 na 31. Tena ilipoonyeshwa majani sita ya mmea mmoja, usahihi wake ulipanda hadi kati ya asilimia 74 na 88. Hesabu hizi zanifurahisha kwa dhati, wala sizitazami bila hofu, maana hata huko juu kabisa mihogo kumi na miwili katika mia hupewa hukumu iliyokosea, na mama aliyeng'oa mhogo mzima kwa neno la simu hana wa kumwendea.

Burundi haikuanza leo kujua thamani ya nasaha. Umushingantahe, yaani mzee wa hekima na usuluhishi, husimikwa mbele ya watu wa kilima chake, akala kiapo, na tangu siku hiyo kila shauri alitoalo lina jina lake. Programu haina wa kuapishwa, hata ivikwe sura nzuri ya namna gani. Kwa hiyo sharti dhima yake ichukuliwe na watu. ISABU, taasisi ya utafiti wa kilimo iliyoundwa mwaka 1962, na iyajaribu majibu ya programu za namna hii katika mashamba ya nchi kabla hayajamfikia mkulima; majibu na yatolewe kwa Kirundi, na kwa Kiswahili pia kwa wale wafanyao biashara na Tanzania kupitia mpaka wa Kobero; na mwisho wa kila jibu pawepo jina na namba ya moniteri aliye hai, atakayeulizwa likiharibika jambo.

Nawasihi wakuu wa serikali walioko Gitega, waanze na Muyinga, tena waanze kabla ya mvua za Septemba, wakati watu wanapoombana pingili.