Picha Nzuri, Lakini Ni ya Nani?

Wapenzi wa sinema tuna tabia moja ambayo, kwa maoni yangu, yafaa irekebishwe. Tunapokutana kusimuliana picha tulizozipenda, humtaja stelingi, tukamtaja na adui, tukaeleza ngumi zilivyorushwa na gari lilivyopinduka, kisha tukaagana bila hata mmoja wetu kuuliza ni nani aliyeitengeneza picha yenyewe. Kitabu hatukifanyii hivyo. Mtu akikusifia riwaya, swali la kwanza ni “Ya nani?” na ukijibiwa kuwa ni ya Said Ahmed Mohamed au ya Shafi Adam Shafi, unajua tayari unakwenda kukutana na mtu wa namna gani. Picha twaiita “ile ya Amitabh”, kana kwamba Amitabh ndiye aliyeketi akaiwaza, akachagua mahali pa kuiweka kamera na akaamua mvua inyeshe saa ngapi.

Sisemi kwamba stelingi hana kazi. Enter the Dragon ya mwaka wa 1973 iliongozwa na Robert Clouse, na sijapata kumwona mtu aliyeitazama kwa ajili ya Bw. Clouse. Hiyo ni picha ya Bruce Lee, na mjadala umekwisha. Lakini picha za aina hiyo ni chache kuliko tunavyodhani.

Hebu tuchukue Sholay. Waliokuwa vijana wakati huo hawahitaji kuelezwa. Picha hiyo ilitoka mwaka wa 1975 na ikaonyeshwa kwa zaidi ya miaka mitano mfululizo katika jumba la Minerva mjini Bombay. Waulize wapenzi wake wakutajie waliocheza, watakuhesabia bila kupumua: Dharmendra, Amitabh Bachchan, Hema Malini, Sanjeev Kumar aliyekatwa mikono, na Amjad Khan, yule Gabbar Singh aliyekuwa akitisha hata akicheka. Waulize mwelekezi, watatazamana. Alikuwa Ramesh Sippy. Na ukishamjua Sippy, utataka kujua naye alijifunza kwa nani, na hapo ndipo utamu wa mazungumzo unapoanza.

Kwa maana hadithi ya kijiji kinachosumbuliwa na majambazi, kikatafutiwa watu wa kukipigania kwa malipo, Sippy hakuwa wa kwanza kuisimulia. Mjapani Akira Kurosawa alikuwa ameitengeneza mwaka wa 1954 katika Seven Samurai, picha ya zaidi ya saa tatu ambamo wakulima maskini wasio na kitu ila mchele wanawaajiri wapiganaji saba wa panga. Mwaka wa 1960 Wamarekani wakaichukua, wakawavisha wale saba kofia pana, wakawapa bastola na kuiita The Magnificent Seven. Kisha ikafika India. Sholay imechota hapo, ikachota pia kwa Mwitaliano Sergio Leone, na Leone naye alikuwa amekwisha kuchota kwa huyo huyo Kurosawa. A Fistful of Dollars ya mwaka wa 1964, iliyomfanya Clint Eastwood ajulikane ulimwenguni, ni Yojimbo ya Kurosawa ya mwaka wa 1961 iliyohamishiwa kwa makauboi. Leone hakuwa ameomba ruhusa. Wajapani walidai haki yao, na ikabidi walipwe fungu la mapato.

Kwa hiyo yule kauboi tuliyemwiga tukiwa watoto, njiti ya kiberiti mdomoni, hakutoka Texas. Aliwazwa Japani, akatengenezwa na Waitaliano, na jangwa alilolipita liko Hispania. Nimewahi kuwaeleza wenzangu haya kwenye baraza, na mmoja akakasirika kabisa, kama mtu aliyeambiwa nyumba ya babake ni ya kupanga. Siku mbili baadaye alikuja kuniuliza Yojimbo inapatikana wapi.

Lakini jambo linaloniuma si Wajapani wala Waitaliano. Ni hili: kwa kutouliza “Ya nani?” tumewapoteza watu wetu wenyewe. Mpenzi wa sinema wa Nairobi aliyetazama picha elfu moja hawezi kukutajia waelekezi watatu wa Afrika, na wa kwanza kati ya waliopaswa kutajwa ni Ousmane Sembène wa Senegali.

Sembène alizaliwa Ziguinchor mwaka wa 1923 na akafariki mwaka wa 2007. Alikuwa kuli bandarini Marseille, akajifundisha kuandika, akatoa riwaya zilizosifiwa. Halafu akaona kwamba watu aliokuwa akiandika habari zao hawawezi kumsoma. Akiwa na umri unaokaribia miaka arobaini alikwenda Moscow kujifunza sinema, na aliporudi akatengeneza Borom Sarret, mwaka wa 1963, habari za mwendesha mkokoteni wa farasi mjini Dakar. Picha hiyo ni fupi, yapata dakika ishirini, na imebeba zaidi ya nyingi za saa mbili.

Mimi ninayempa kila mtu kwanza ni Mandabi, ya mwaka wa 1968, aliyoitengeneza kwa Kiwolofu ili watu wa kwao waielewe. Mzee mmoja asiye na kazi, Ibrahima Dieng, mwenye wake wawili na majivuno ya kutosha wanaume kumi, anapata hawala ya posta ya faranga 25,000 kutoka kwa mpwa wake anayefagia barabara za Paris. Kabla hajazishika, mtaa mzima umepata habari, na wakopaji wamejaa mlangoni. Posta anaambiwa: kitambulisho. Hana. Anakwenda kwa polisi kutafuta kitambulisho. Anaambiwa: cheti cha kuzaliwa, na picha. Anakwenda kutafuta cheti. Anaulizwa alizaliwa tarehe ngapi. Mzee hajui ila mwaka, tena kwa kukisia. Kila dirisha linampeleka kwa dirisha jingine, na kila siku inayopita deni la dukani linapanda kwa tegemeo la pesa ambazo bado hajaziona. Mwisho wake siusemi, kwa sababu mtu anayesema mwisho wa picha hastahili kupewa kiti.

Sasa niambie, msomaji, ni Mkenya gani aliyewahi kupanga foleni ya kitambulisho atakayehitaji kuelezwa picha hiyo?

Au Xala ya mwaka wa 1975. Tajiri mpya wa baada ya uhuru, mwenye gari la Mercedes analoliosha kwa maji ya chupa yaliyotoka Ufaransa, anaoa mke wa tatu, na usiku wa harusi anakuta nguvu za kiume zimemtoka. Anazunguka kwa waganga, biashara inaoza, wenzake wanaanza kumkwepa. Ukiitazama pamoja na watu, utasikia kila mmoja akimtaja tajiri wake wa kumfananisha naye.

Najua nitakavyojibiwa. Rafiki yangu mmoja, dereva wa matatu, huniambia kila mara kwamba mtu aliyeshinda barabarani tangu alfajiri hataki picha ya kumfundisha, anataka ya kumchangamsha. Ana haki. Wengine wetu tumewaharibia watu hamu kwa kuwasifia picha kama tunavyosifu dawa ya minyoo: chungu, lakini itakufaa. Sembène hakutengeneza dawa. Mandabi inachekesha tangu mwanzo, na kicheko chake kinakauka polepole, bila kulazimishwa na mtu.

Wa hapa kwetu nao wapo. Sao Gamba alitoa Kolormask mwaka wa 1986. Anne Mungai alitoa Saikati mwaka wa 1992, habari za msichana wa Kimaasai anayetaka shule huku wenzake wakimtaka aolewe. Katika Nairobi Half Life ya Tosh Gitonga, ya mwaka wa 2012, kijana wa mashambani anauza picha za kigeni kwa kuziigiza mbele ya wanunuzi, na wazo hilo peke yake lingetosha kunifanya nimpende mwelekezi. Na Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya mwaka wa 2018, ambamo kijiji kizima kinamtengenezea picha mtoto mgonjwa aliyetamani kuwa shujaa wa sinema, sijui mtu aliyeitazama macho makavu. Waulize vijana kuhusu hiyo, nao watakujibu: “Ile ya katoto.” Jina la Wainaina halitajwi, na kwa hiyo hawatamtafuta atakapotoa nyingine.

Majumba tuliyokutania yamekwisha. Shan ya Ngara sasa ni Sarakasi Dome, na kwingine watu hutazama kila mtu na simu yake, kitandani, masikio yamezibwa. Hilo silililii sana. Bado tunaweza kuitana sebuleni. Kizuizi kikubwa ni kingine. Sembène aliacha vitabu ili awafikie wasiojua kusoma, lakini sisi picha zake hutufikia zikiwa na maandishi ya Kiingereza au ya Kifaransa chini, ya kusomwa mbiombio. Yaani mtu yule yule aliyemfuata ndiye amefungiwa nje. Picha za Wachina na za Wamarekani zimepata wa kuzitilia maneno. DJ Afro amewafanya maelfu ya watu wazifurahie kwa lugha ya mtaani, na hakuna aliyelalamika kwamba amepotoka hapa na pale. Kwa nini asipatikane mtu wa ulimi kama ule akae na Mandabi kwa Kiswahili? Fundi wa hiyo kazi simkosi kichwani, naweza kutaja watatu katika mtaa wangu.

Yule dereva wa matatu hatimaye alikubali kuichukua. Aliitazama Jumapili na mama yake, asiyejua kusoma, akawa anamsomea yale maandishi kwa Kiswahili, sentensi baada ya sentensi. Anasema alichelewa kidogo walipofika dirisha la posta, maana maneno yalipita upesi. Alipogeuka amweleze, mama alikuwa ameshaanza kucheka. Wiki iliyofuata alimtuma kwangu aulize kama mzee yule, Sembène, ana nyingine.