Ngazi za Mshahara

Sisi tunaopita kila siku mbele ya vizuizi vya barabarani tumezoea kumcheka askari anayenyoosha mkono. Tunamwita mla rushwa, tunampa kidogo, tunaendelea na safari. Ni mara chache tunajiuliza ni nani aliyepanga mshahara wake, na kwa kipimo gani.

Wakati wa Bula Matari, watumishi wa serikali waligawanywa mafungu mawili. Wazungu walikuwa na sheria yao ya kazi. Wakongo waliitwa wasaidizi tu, wakawekwa chini ya sheria nyingine yenye malipo mengine. Karani Mkongo aliyeandika barua, kuhesabu kodi na kutunza madaftari miaka mingi alibaki msaidizi. Joseph Kasa-Vubu alikuwa karani katika idara ya fedha. Patrice Lumumba alikuwa karani wa posta kule Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo. Chama cha watumishi wenyeji, APIC, kilichoanzishwa mwaka 1946, kilidai jambo ambalo hata mtoto hulielewa: kazi sawa, mshahara sawa.

Jibu lilikuja mwaka 1959, likaitwa sheria moja kwa wote. Katika maandishi ubaguzi ulikwisha. Lakini madaraja yalikuwa saba, na cheti cha shule ndicho kilichoamua mtu aanzie wapi. Nani alikuwa nacho? Chuo Kikuu cha Lovanium kilikuwa kimefunguliwa mwaka 1954 tu. Hivyo mwaka 1960, kati ya nafasi zaidi ya 4,000 za madaraja matatu ya juu, Wakongo walishika tatu. Hatuoni haya kusema kwamba usawa wa namna hiyo ni kumfungulia mtu mlango wa ghorofani baada ya kuondoa ngazi. Na tuseme ukweli wote: shule za wenyeji zilikuwa kwa sehemu kubwa mikononi mwa misheni. Lawama hiyo nasi inatugusa.

Hali ya askari ilikuwa ngumu zaidi. Force Publique, jeshi lililofanya pia kazi ya polisi, ilifika siku ya uhuru bila ofisa hata mmoja Mkongo. Tarehe 5 Julai 1960, Jenerali Janssens aliandika ubaoni mbele ya askari kwamba baada ya uhuru ni sawasawa na kabla ya uhuru. Maasi yakaanza. Siku zilezile wabunge wapya walikuwa wamejipandishia malipo yao kutoka faranga 100,000 hadi 500,000 kwa mwaka, ingawa Lumumba alipinga.

Yohane Mbatizaji aliwaagiza askari wasimdhulumu mtu, bali waridhike na mishahara yao. Agizo hilo tunapenda kumsomea askari. Anayepanga mshahara hatumsomei, wakati ni yeye anayeamua kama kuna kitu cha kuridhika nacho.

Hatusemi kwamba askari anayemnyang'anya mama muuza mihogo hana kosa. Mama yule naye ana watoto nyumbani. Tunachodai ni kwamba hesabu ianzie chini: kwanza ijulikane kodi ya nyumba, unga na ada ya shule vinamgharimu kiasi gani askari wa Goma au wa Lubumbashi, ndipo wakubwa wahesabiwe chao katika kinachobaki. Mwaka 1960 hesabu ilianzia juu.