Fidia ya Aliyepooza na Kikwazo cha Lugha

Kati ya Kitale na Suam, visababishi vya kupooza vinajulikana: bodaboda iliyopakia abiria watatu, matatu inayokimbizwa ovyo, lori la mahindi lenye vibarua waliokalia magunia, jukwaa la ujenzi lililofungwa kwa kamba mbovu. Wapo pia wanaoponzwa na huruma isiyo na ujuzi: majeruhi hunyanyuliwa mikono na miguu, na mfupa uliovunjika ukakata mishipa ya fahamu.

Sheria haikuwasahau watu hawa. Aliyeumizwa kwa uzembe wa dereva ana miaka 3 ya kufungua kesi. Aliyeumia kazini, chini ya sheria ya fidia ya mwaka 2007, ana miezi 12 ya kudai. Hata hivyo, muda huo huwapita wengi wakiwa kitandani. Aghalabu hati ya malipo huwafikia kwa Kiingereza; mgonjwa hutia kidole gumba asijue kwamba amekubali kutodai tena.

Wapo wanaoshikilia kwamba Kiswahili hakina istilahi za sheria. Hoja hiyo haina mashiko, maadam Tanzania ilikifanya lugha ya sheria na mahakama mwaka 2021. Nasi Kenya, Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakitambua kuwa lugha rasmi.

Basi kampuni za bima na waajiri hawana budi kulazimishwa kuandika hati hizo kwa Kiswahili. Sahihi ya asiyeelewa alichotia sahihi si ridhaa.