Agombeaye Hakimbii



Kila msimu wa uchaguzi unapokaribia katika nchi zetu za Afrika Mashariki, hukutana na sentensi moja katika insha za wanaojifunza lugha hii: "Mheshimiwa fulani anakimbia urais." Mwandishi huwa amekusudia kusema kwamba mheshimiwa huyo anautaka urais. Mswahili anayeisoma huelewa kinyume chake kabisa: mheshimiwa ameuona urais unamjia, naye anatimua mbio ili usimpate. Katika Kiswahili, mtu akikimbia kitu, anakiepuka. Mdaiwa hukimbia deni, mtoro hukimbia shule, na raia wa nchi yenye vita hukimbia risasi.

Chanzo cha sentensi hiyo kinajulikana. Ni kitenzi cha Kiingereza "run", ambacho mwanafunzi hufundishwa siku za mwanzo kwamba maana yake ni kukimbia, kisha akaishika tafsiri hiyo kama ngao. Wahariri wa kamusi kuu ya Oxford walipokipitia upya kitenzi hicho, walikihesabia maana 645. Kukimbia kwa miguu ni moja tu kati ya hizo. Kwa hiyo, anayelitafsiri neno hilo kwa "kukimbia" kila alionapo amejifunza maana moja na kuziacha mia sita na ushei.

Tuanze na mambo ya nyumbani kabla hatujafika bungeni. Kwa Mwingereza, maji ya bomba hukimbia, pua ya mtoto hukimbia, rangi ya shati jipya hukimbia, injini hukimbia, basi la Kampala na Nairobi hukimbia kila siku, mkataba hukimbia kwa miaka 3, na barabara hukimbia kandokando ya ziwa. Kwa Mswahili, hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachokimbia. Maji hutiririka, mtoto hutokwa na kamasi, shati huchuja rangi, injini huunguruma, basi hufanya safari, mkataba hudumu, barabara hupita. Sukari haikimbii nje ya kopo, bali huisha, nasi wenye kopo husema tumeishiwa. Mtu hakimbii ndani ya rafiki yake sokoni, bali hukutana naye ghafla. Naye mpita njia aliyepatwa na ajali hakukimbiwa juu na gari, amegongwa.

Yapo maneno ambayo yakikosewa huleta kicheko tu, na kicheko hakimuui mtu. Lakini yapo pia maneno ambayo yakikosewa hupotosha fikra za raia kuhusu serikali yake. Hayo ndiyo yaliyonifanya niandike leo.

Tazameni kwanza uzito wa kitenzi chetu wenyewe. Kimbia kina jamaa zake: kimbilia, yaani kwenda kwa haraka mahali au kwa mtu ili kupata hifadhi; kimbilio, yaani hifadhi yenyewe; na kimbiza, ambacho hutumika kwa mgonjwa mahututi anayekimbizwa hospitalini, na kwa Mwenge wa Uhuru unaokimbizwa kote Tanzania. Kisha wapo mkimbiaji na mkimbizi. Joshua Cheptegei wa Uganda, aliyetwaa medali ya dhahabu ya mita 10,000 katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024, ni mkimbiaji. Mama aliyevuka mpaka usiku akiwa na mtoto mgongoni ni mkimbizi. Uganda peke yake imewapokea wakimbizi zaidi ya milioni 1. Katika ukanda wetu, basi, neno kukimbia si jepesi. Limebeba vita, njaa na hofu. Anayelitumia kwa mtu anayetafuta kura analipuuza jambo ambalo majirani zake wamelipitia kwa machozi.

Sasa tuuendee uchaguzi. Mtu anayetaka cheo cha kuchaguliwa, kwa Kiswahili, hugombea au huwania. Gombea limetokana na gomba, na ni ndugu wa gombana. Ndani yake mna picha ya kitu kimoja kinachotakiwa na watu wengi, kila mmoja akijitahidi kukipata mbele ya mwenzake. Kila lugha ina picha yake. Waingereza wa Uingereza husema kwamba mtu anasimama. Wa Marekani husema anakimbia. Kwa Kiganda husemwa "okwesimbawo", yaani kujisimamisha. Kwa Kinyarwanda husemwa "kwiyamamaza", yaani kujinadi kwa watu. Picha zote hizo ni halali katika lugha zake, lakini picha ya Kiswahili ina jambo la kumfunza raia: uchaguzi ni ushindani. Ndiyo maana mtu aliyekosa mpinzani, hata akitangazwa mshindi, Waswahili husema amepita bila kupingwa. Aliingia kama mgombea, lakini hapakuwa na wa kugombea naye, na lugha haikulificha hilo.

Atakayekuwa makamu wake, ambaye Wamarekani humwita kwa jina linalotokana na kitenzi kile kile cha kukimbia, Kiswahili humwita mgombea mwenza. Nimewahi kuona akiitwa "rafiki wa mbio". Huyo angefaa kumsindikiza Cheptegei mazoezini. Katika karatasi ya kura hana nafasi.

Lakini hoja yangu kubwa ni hii. Katika Kiingereza, mtu anayetafuta kura anaelezwa kwa kitenzi "run", na tume inayouandaa uchaguzi na kuhesabu kura inaelezwa kwa kitenzi hicho hicho. Kinachowatenganisha ni kijineno kimoja kidogo tu, nacho hudondoka kwa urahisi. Katika Kiswahili, mmoja hugombea na mwingine husimamia. Huyu ni mgombea, yule ni msimamizi wa uchaguzi. Maneno hayo hayafanani kwa sauti wala kwa asili. Simamia limetokana na simama: msimamizi amesimama juu ya shughuli, anaiangalia, wala haishindanii. Mwanafunzi anayezijua tofauti hizo mbili tayari ameushika msingi mmojawapo wa demokrasia, kwamba anayegombea asiwe ndiye anayesimamia. Kiswahili kimeweka ukuta kati ya vitenzi viwili pale ambapo katiba na sheria za uchaguzi hujitahidi kuweka ukuta kati ya watu wawili. Tukiyatupa maneno yote mawili na kusema kwamba wote "wanakimbiza uchaguzi", tutakuwa tumeubomoa ukuta huo katika vinywa vyetu kabla mtu yeyote hajaubomoa katika vituo vya kura.

Baada ya uchaguzi, huja swali la pili: je, mshindi anafanya nini na nchi? Kiingereza kinaturuhusu kutumia "run" tena, bila kueleza zaidi. Kiswahili kinatulazimisha kuchagua. Anaendesha nchi? Endesha ni kukifanya kitu kiende, kama dereva na gari. Hapo tunazungumzia kazi, mitambo na utaratibu. Anaongoza nchi? Hapo yuko mbele, anaonyesha njia, na wanaomfuata wana miguu na akili zao. Anatawala? Hapo tunazungumzia mamlaka na wanaotii. Anasimamia? Hapo amekabidhiwa mali isiyokuwa yake, naye ataulizwa hesabu. Rais mmoja anaweza kuyafanya yote manne kwa siku moja, lakini hayo si tendo moja. Raia anayesema "kiongozi wetu" na raia anayesema "mtawala wetu" wanaweza kuwa wanamtaja mtu yule yule, ila kila mmoja ametoa maoni yake kwa neno hilo moja. Kwa sababu hiyo, kuchagua kitenzi ni sehemu ya kuwa raia anayejua anachokisema.

Nazijua hoja mbili za wanaonipinga. Ya kwanza ni kwamba Kiswahili chenyewe kina maneno yenye maana nyingi. Ni kweli. Chama kikimsimamisha mwanachama katika uchaguzi, kimempandisha. Mwajiri akimsimamisha mtumishi kazi, amemshusha. Ni kitenzi kile kile, simamisha, na msikilizaji hutegemea muktadha. Hata hivyo, hoja hiyo hainidhuru. Kila lugha ina mahali pake pa utata, na anayejifunza hana budi kupajua. Kosa ni kuuhamisha utata wa lugha moja na kuupanda katika lugha nyingine mahali ambapo haukuwapo.

Hoja ya pili ni kwamba lugha hukua kwa kukopa, hivyo "kukimbia urais" huenda siku moja kukawa Kiswahili sanifu. Kukopa si aibu. Kura na rais vimetoka katika Kiarabu. Kampeni imetoka katika Kiingereza. Nasi tunavitumia bila kuona haya. Lakini maneno hayo yaliingia yakiwa na sura zake, hayakumfukuza mwenyeji. "Kukimbia urais" ni jambo jingine. Hapo hatukopi neno. Tunalichukua neno letu na kulipa maana inayoigeuza ile iliyomo. Siku ambayo kiongozi ataukimbia urais kwa kweli, usiku, kwa ndege, kama walivyofanya baadhi ya viongozi duniani, tutatumia neno gani kumweleza?

Yamkini msomaji atauliza: haya yananihusu nini mimi ninayetaka tu kufaulu mtihani? Yanakuhusu. Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Katiba ya Uganda, baada ya marekebisho ya mwaka 2005, inakitambua kuwa lugha rasmi ya pili, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha hatua za kukitekeleza hicho kilichoandikwa. Lugha inayoingia katika ofisi za serikali huandikwa katika matangazo, fomu na sheria. Nyinyi mlioko madarasani leo ndio mtakaoyaandika matangazo hayo kesho. Mwananchi wa kijijini atayasoma na kuyaamini kama yalivyoandikwa.

Basi, nawashauri mambo matatu. Kwanza, msitafsiri neno, tafsirini tendo. Mkutanapo na kitenzi cha Kiingereza chenye sura nyingi, jiulizeni: nani anatenda, anatenda nini hasa, na kinachotendwa kinapata nini? Pili, jifunzeni vitenzi kwa koo zake. Anayejua simama, simamia na simamisha, au enda, endesha na endelea, ana mali kubwa kuliko aliyekariri orodha ya maneno 100 yasiyojuana. Tatu, sikilizeni taarifa za habari za Kiswahili kutoka Kenya na Tanzania, mkiwa na daftari mkononi, muandike kila kitenzi kinachotajwa pamoja na uchaguzi. Mtashangaa kuona ni mara chache mno mtu hukimbia, isipokuwa amefukuzwa.

Nawaachieni zoezi. Andikeni sentensi tano za Kiswahili kuhusu shule yenu: ya kwanza itaje anayeiongoza, ya pili anayeisimamia, ya tatu anayeiendesha, ya nne anayegombea cheo cha kiranja, na ya tano anayeikimbia. Mkigundua kwamba mtu mmoja amejitokeza katika sentensi zote tano, msibadilishe kitenzi. Mjadilini darasani, kwa heshima, ni sentensi ipi iliyo ya kweli.